Ni Mang'ola, si Mangola

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako, ambalo nimelisoma miaka mingi, matoleo mengine nikiyasoma baada ya kumaliza karanga zilizofungwa ndani yake.

Wiki iliyopita kwenye bei za mazao mmeandika "vitunguu vya Mangola", na mahali hapo panapolimwa vitunguu, hapa mkoani Arusha, panaitwa Mang'ola. Mwanangu aliniambia niachane nayo, ritifaa moja, hicho kialama cha juu kwenye ng', haimuui mtu. Haimuui, kweli. Lakini ritifaa hiyohiyo iliniweka ofisini mpaka saa nne usiku mwezi Julai, daladala za Sakina zimekwisha, nikalipa bodaboda shilingi 3,000. Kwa hiyo ninayo haki ya kuizungumzia.

Nijieleze kwanza. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa karani wa mizani kwenye stoo ya vitunguu hapa Arusha. Magoti yalipochoka kusimama nikajiunga na darasa la kompyuta la jioni, nikiwa na miaka 41. Wanafunzi wenzangu waliniita Mama, mwalimu naye akaniita Mama, na mtihani nikaufaulu. Sasa niko kwenye ofisi ndogo ya watu saba inayotengeneza programu ya kupokelea mazao kwa vyama vya wakulima. Mkulima analeta gunia, karani anapima na kuandika kilo kwenye simu, makato ya pembejeo yanatolewa, pesa inakwenda. Programu yenyewe wanaiandika vijana. Mimi naandika skripti, yaani programu fupifupi, za kuijaribu kabla haijamfikia mkulima. Vijana wanaita "kodi" hicho wanachoandika, nami kila nikilisikia neno hilo namkumbuka mwenye nyumba.

Vyuoni huko, naona, kuandika programu kunafundishwa vizuri. Vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya kazi wananizidi mbali. Ila kuna mambo mawili wanayoyaona ya kikarani, yasiyo na hadhi: kulipatia jina faili la majaribio, na kukagua kinachoingia kabla ya kukipokea. Mimi ni karani. Naomba niyasemee.

Stoo ya vitunguu, kila tajiri ana alama yake. Herufi mbili tatu na namba, zimepakwa kwa rangi ubavuni mwa gunia. Fuso likifika saa tisa usiku hakuna anayeuliza hili la nani, wapagazi wanasoma ubavu wanapanga. Gunia lisilo na alama halipigiwi kelele. Linasogezwa pembeni. Linakaa hapo, kila mtu akidhani lina mwenyewe, mpaka siku linapotoa maji na harufu.

Sasa sikiliza kilichotupata. Kijana wetu mmoja, hodari kweli, aliambiwa aandike jaribio la kuhakikisha makato ya pembejeo hayatolewi mara mbili kwa mkulima mwenye mashamba mawili. Akaliandika, zuri tu. Akalihifadhi kwa jina la makato_mpya_final2.py. Sisi tunatumia pytest, chombo cha kuendeshea majaribio yaliyoandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Chombo hiki kina desturi yake: usipokiagiza vingine, kinakusanya mafaili ambayo majina yake yanaanza na test_ au yanaishia na _test.py tu, na ndani ya faili kinatafuta vipande vinavyoanza na neno test. Vipande vya ndani kijana alivipa majina sawasawa, ila jina la faili lake halikuanza hivyo wala kuishia hivyo. Chombo kikalipita. Hakikutoa onyo. Kingelalamika kama kisingekuta jaribio hata moja kwenye folda nzima. Kwa kuwa kilikuta mengine, kiliridhika.

Kila jioni kioo kikawa kinatuandikia kwa kijani kwamba majaribio 47 yamefaulu. Wiki ya kwanza 47. Wiki ya nne 47. Mhariri, hapo kosa ni langu zaidi kuliko la kijana. Siku aliposema ameongeza jaribio, namba ilipaswa kuwa 48. Mtu aliyehesabu magunia miaka kumi na moja anaambiwa gunia jipya limeingia, anasoma idadi ileile ya jana, anafunga stoo anakwenda nyumbani! Nilikuwa natazama rangi, sikutazama hesabu.

Mwezi wa pili tangu hapo, mama mmoja wa Mang'ola akapiga simu. Mzigo wake ulikuwa wa shilingi 340,000, deni la pembejeo 78,000, alitarajia 262,000. Kwenye simu yake imeingia 184,000. Hakugomba. Aliniambia kwa upole, "Dada, nadhani mmenikata kwa ajili ya shamba la pili, na shamba la pili halikukopa." Alikuwa amegundua kosa la programu yetu kwa kutoa na kujumlisha pembeni mwa daftari la mwanawe. Jioni hiyo nililibadilisha faili jina likawa test_makato_mashamba_mawili.py, sikugusa neno lingine, nikaendesha. Likaja jekundu palepale. Jibu tulikuwa nalo ndani ya nyumba miezi miwili, limekaa pembeni kama lile gunia.

Baada ya hapo ofisini kulizuka mabishano. Kijana alisema, na ni kweli, kwamba pytest inaweza kuagizwa kwenye faili lake la mipangilio ikubali majina yanayoanza na jaribio_ badala ya test_. Kwa nini tusitumie Kiswahili moja kwa moja? Mimi ndiye niliyekataa, na wengine walishangaa kwa kuwa wananijua. Sababu yangu ni ya kistoo. Alama ya mwanzo inasomwa na mpagazi asiyekujua, na mpagazi huyo ni chombo, au ni kijana atakayeajiriwa mwakani akiwa amezoea test_. Mwacheni aikute anapoitarajia. Baada ya alama hiyo, andika Kiswahili chako chote: test_gunia_bila_kilo_linakataliwa. Hilo likianguka usiku, asubuhi nasoma jina tu najua kilichokufa. Faili linaloitwa test_3_mpya likianguka, naanza kutafuta miwani.

Kuna mtego mwingine naueleza haraka, maana watu hawauamini mpaka wauone. Kwenye Python, ukiandika ndani ya faili moja majaribio mawili yenye jina moja, la pili linalifuta la kwanza kimyakimya. Unaona maandishi yote mawili yako pale, unayasoma, yanakupendeza, linaloendeshwa ni moja. Kunakili na kubandika ndiko kunakoleta haya: mtu ananakili jaribio, anabadilisha matumbo, jina anasahau. Na herufi kubwa na ndogo: kompyuta yenye Windows inaona Mizani.py na mizani.py ni faili lilelile, seva ya Linux, ile kompyuta kuu inayohudumia nyingine, inaona ni mawili. Kinachokwenda vizuri mezani kwako kinakwama kwenye seva, unaanza kuilaani seva. Sisi tumeamua herufi ndogo tupu, mstari wa chini badala ya nafasi, na namba zinazoanza na sifuri, 002 ije kabla ya 010, kwa sababu kompyuta inapopanga majina kwa herufi inaitanguliza 10 kabla ya 2.

Hayo ni majina ya mafaili, mali yetu, tunayakaza tutakavyo. Nilitaka kufika kwenye majina ambayo si mali yetu.

Tunayo skripti inayotayarisha data ya majaribio kwa kila kituo cha kupokelea mazao. Unaandika jina la skripti, nafasi, kisha jina la kituo. Siku moja kijana akaandika Mang'ola, akabonyeza Enta. Kompyuta haikusema kosa, haikusema sawa. Ilitoa kialama cha > mwanzoni mwa mstari, ikanyamaza. Akasubiri. Akainuka kuangalia taa za ruta. Akampigia fundi wa intaneti, akajibiwa mtandao uko vizuri kabisa. Dada wa mapokezi akaleta chai, ikapoa. Kumbe kwenye kile kidirisha cheusi cha Linux ritifaa ni alama ya kufungulia maneno, na ukifungua sharti ufunge. Kompyuta ilikuwa inamngoja kwa adabu zote amalizie alichokianza. Wangeweza kukaa hivyo hadi asubuhi, yeye anaingoja, nayo inamngoja.

Mto wa Mbu nao ulitupa kichekesho chake. Jina lina nafasi mbili. Ndani ya skripti mahali pa kutengeneza folda aliyeandika hakuzungushia jina alama za mtajo, basi kompyuta ikasoma maneno matatu, ikatutengenezea folda tatu: Mto, wa, na Mbu. Maji ya Chai vivyo hivyo, na Usa River nayo nusu ikaenda kulia nusu kushoto. Ukitaka kujua kama skripti imeandikwa vizuri, usiipeleke mbali, itembeze kwenye vijiji vya mkoa wa Arusha. King'ori, Ng'iresi, Mang'ola, Mto wa Mbu. Itakayorudi salama, ajiri aliyeiandika.

Dawa aliyoileta kijana ilikuwa rahisi: tuondoe ritifaa, tuandike Mangola, tena magazetini wanaandika hivyo. (Ndiyo, Mhariri, mlitajwa.) Akaweka na ulinzi mlangoni: sehemu ya jina ipokee herufi A mpaka Z tu, kingine chochote kikataliwe. Nilikuwa mapumzikoni. Niliporudi nikakuta ujumbe wa sauti kutoka kwa karani wa kituo kimoja. Mzee mmoja ambaye jina lake la ukoo linaanza na Ng' alikuwa anaandikishwa, simu ikatoa maandishi mekundu: "Jina si sahihi." Karani, bila kufikiri, akamsomea kama yalivyo. Mzee akavua kofia, akauliza, "Si sahihi kwa nani?"

Nimeusikiliza ujumbe ule mara nyingi kuliko inavyostahili.

Anayejua Kiswahili anajua kuwa ng' na ng ni sauti mbili. Ng'oa ni kazi ya jino bovu. Ngoa ni wivu, ndiyo hiyo tunayosema mtu analia ngoa. Ukimwondolea mtu ritifaa umembadilishia jina, na ukimkatalia umemwambia hana jina. Kukagua kinachoingia kuna maana nzuri sana, nami ndiye mkali wake ofisini, lakini mkaguzi anatakiwa akatae kisichowezekana, asikatae ambacho yeye hajakizoea. Jina tupu, kataa. Jina la herufi elfu mbili, kataa. Jina lenye ritifaa, karibu ndani.

Wapo wanaosema ritifaa ni hatari kwa hifadhidata. Ni kweli ikishikwa ovyo: ikiingia katikati ya amri iliyoungwaungwa pamoja na jina la mtu inaweza kuikata vipande, na wezi wa mtandaoni wameitumia hila hiyo miaka mingi kupitisha amri zao. Lakini dawa inajulikana siku nyingi. Amri ipelekwe kivyake na jina kivyake, hifadhidata isipate nafasi ya kulisoma jina la mtu kama agizo. Lugha zote tunazozitumia zina njia hiyo tayari. Kufuta ritifaa ya mzee ni kukata kidole kwa sababu pete inabana.

Na ule usiku wa Julai? Ripoti ya majaribio ilitoa Mang'ola mbili. Nusu ya magunia hapa, nusu kule, jumla hailingani na ya mizani. Nikazitazama zile Mang'ola mbili mpaka macho yakauma. Zilikuwa sawasawa kabisa. Kwenye saa tatu na nusu nikakuza maandishi mpaka herufi zikawa kubwa kama vibao vya barabarani, ndipo nikaona: ritifaa moja imesimama wima, nyingine imepinda kama mkia wa koma. Makarani wengine walikuwa wanaandika kwa simu zenye kibodi inayopindisha alama yenyewe, wengine kwa kompyuta. Kwa jicho la binadamu ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni alama mbili zenye namba tofauti, kwa hiyo ni vituo viwili. Sasa mlangoni tunazigeuza zote kuwa ya wima kabla ya kuhifadhi, na lipo jaribio linaloitwa test_ritifaa_iliyopinda_ni_kituo_kilekile. Najivunia jaribio hilo kuliko cheti changu.

Nimalizie na kilo, kwa kuwa hapo ndipo nilipotokea. Wasomaji wako wote wanajua lumbesa: gunia limejaa, linaongezewa shingo la nyavu, linaitwa gunia moja na kulipwa kama gunia moja. Wakala wa Vipimo wanalipiga vita kila msimu. Kwenye kompyuta nako lumbesa ipo. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, na kabla dakika moja haijatimia ikageuka upande na kulipuka. Sehemu ya programu ya kuiongoza ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4. Ndani yake namba inayotokana na mwendo wa roketi ilihamishwa kutoka chombo kikubwa kwenda kidogo, kisichobeba zaidi ya 32,767. Kwenye roketi ya zamani namba hiyo haikuwahi kufika huko, kwa hiyo pale mlangoni hapakuwekwa mkaguzi. Roketi mpya ilikuwa na mwendo mkali zaidi. Namba ikafurika, kifaa kikazima, cha akiba kikiwa na programu ileile nacho kikazima. Zaidi ya hapo, kabla ya safari programu ile haikujaribiwa kwa njia halisi itakayopita Ariane 5. Nikiwasimulia vijana naiita roketi ya lumbesa, na tangu hapo wanakumbuka kuweka kikomo.

Vikomo vyetu ni vya kawaida. Gunia la kilo 0 linakataliwa. La kilo hasi linakataliwa. La kilo 100 linapita, la 100.5 linasimamishwa karani aulizwe. Karani mmoja aliwahi kuandika namba ya simu ya mkulima mahali pa kilo, tukawa na gunia la kilo zaidi ya milioni mia saba, na kwa dakika chache mkulima yule alikuwa tajiri kuliko wote mkoani. Kila kikomo kina jaribio lake, na mengi ya majaribio yangu hayaangalii kama programu inapokea vizuri. Yanaangalia kama inakataa vizuri, kwa maneno ambayo karani anaweza kumsomea mzee bila kuona haya. "Jina si sahihi" tulilifuta. Siku hizi ujumbe unasema, "Sehemu ya jina iko wazi, tafadhali jaza."

Saa ndiyo imenishinda mpaka leo. Karani anapima saa mbili asubuhi, anaandika 2:00, kompyuta inahifadhi usiku wa manane. Ukaguzi wa kawaida hauoni kosa, kwa sababu 2:00 ni saa halali. Tumeweka swali tu: kituo kinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, mbona unapima usiku? Makarani wanabonyeza "ndiyo" bila kusoma. Kama kuna msomaji wako aliyelitatua hili, aniandikie kupitia gazeti.

Jana vijana waliongeza majaribio matatu. Nimehesabu kabla ya kuzima taa: yalikuwa 212, yamekuwa 215.

Na ile safu ya bei za mazao, Mhariri, ni Mang'ola. Ritifaa ipo kwenye kibodi yenu, jirani na kitufe cha Enta.

Wako,
Karani wa zamani wa mizani,
Sakina, Arusha